Kuishi na Kipandauso: Niliyojifunza Ghorofa ya Tisa, Hillbrow



Kabla sijaanza niweke jambo moja wazi, nisije nikalaumiwa baadaye. Mimi ni daktari, lakini daktari wa maneno. Shahada yangu ya uzamivu niliichukulia Ujerumani katika isimu, na ugonjwa pekee niliopata kuutibu kwa shahada hiyo ni makosa ya upatanisho wa kisarufi, tena na huo bado unanishinda. Lakini hapa Hillbrow bawabu wa jengo letu alimsikia mgeni mmoja akiniita "Dokta", na tangu siku hiyo watu wananigongea mlango na majeraha yao na homa za watoto wao. Kazi yangu ni kuwaelekeza kliniki. Hata hivyo upo ugonjwa mmoja ninaoweza kuuzungumza bila haya, kwa sababu nimekaa nao tangu nikiwa kidato cha pili kule Tanga, na sasa nina miaka hamsini na ushee. Ni kipandauso.

Aliyenisukuma kuandika ni dada mmoja wa Bukavu anayesuka nywele Pretoria Street. Alikuja jioni moja kajifunga kitambaa kichwani, jicho la kushoto linatiririka machozi, akaniambia, "Mwalimu, kichwa inaniluma, siku tatu sijalala." Nikamwuliza amekunywa dawa gani. Akafungua mkoba, akamwaga mezani pakti za unga wa maumivu unaouzwa kila duka la mtaani. Nilihesabu kumi na moja, zote tupu, zote za wiki ile. Na kanisani, akasema, wamemwambia ni pepo.

Nilizitazama zile pakti nikajiona mimi mwenyewe wa miaka michache nyuma. Kwa hiyo haya ninayoyaandika nimemwambia yeye kwanza, nanyi nawaandikia kwa sababu najua wengi wetu huku ughaibuni tunaumwa kichwa na tunajitibu wenyewe, kila mtu na mkoba wake.

Jina lenyewe

Nianze na lugha, maana ndiyo kazi yangu. Wagiriki waliuita ugonjwa huu kwa neno lenye maana ya "nusu ya fuvu", likapita Kilatini, likafika Kifaransa limekatwa kichwa na kuwa migraine. Waarabu nao wakauita shaqiqa, na mzizi wake ni upande au nusu ya kitu. Wote wawili wametazama mahali panapouma. Kiswahili kimetazama mwendo: ki-panda-uso, yaani kitu kinachopanda usoni. Kwangu mimi jina letu ndilo la kweli zaidi, kwa sababu maumivu yangu huanzia shingoni, yakapanda nyuma ya sikio, yakaja kukaa juu ya jicho kama mtu aliyefika kwake.

Tatizo ni kwamba katika mazungumzo tunaliita kipandauso kila umivu la paji la uso, hata la mafua. Madaktari wana vigezo vyao. Shambulio la kipandauso likiachwa bila dawa hudumu kati ya saa 4 na saa 72. Maumivu mara nyingi huwa ya upande mmoja, yanapigapiga kama mapigo ya moyo, ni ya wastani au makali, na yanazidi ukitembea au kupanda ngazi. Pamoja nayo huja kichefuchefu au kutapika, au kuchukia mwanga na makelele. Mtu mwenye kichwa cha kawaida anaweza kuendelea kupika. Mwenye kipandauso anatafuta chumba cha giza.

Baadhi yetu tunapata onyo kabla, ambalo wataalamu huliita aura. Kwangu ni doa dogo linalong'aa, kisha linapanuka kuwa mistari yenye meno ya msumeno, linakula nusu ya ukurasa ninaousoma, na baada ya dakika ishirini au thelathini linaondoka. Mara ya kwanza nilidhani napofuka. Shangazi yangu yeye alijua mara moja: jini. Akachoma ubani na udi mpaka chumba kikawa kama jiko la kuni, na mimi, ambaye harufu kali ndiyo sumu yangu, nikatapika mpaka nyongo. Akasema, "Mnaona? Linatoka."

Basi nilipofika chuoni ndipo nikasoma kwamba mwaka 1941 mwanasaikolojia wa Kimarekani Karl Lashley, mgonjwa kama mimi, alichapisha michoro ya mistari ile jinsi ilivyosogea mbele ya macho yake, akakadiria kwamba kuna kitu kinatambaa kwenye gamba la ubongo kwa mwendo wa milimita 3 hivi kwa dakika. Mwaka 1944 Mbrazili Aristides Leão, akifanya utafiti Harvard, akaeleza wimbi la namna hiyo kwenye ubongo wa sungura: seli zinasisimka, kisha zinanyamaza, na ukimya unasambaa polepole. Baadaye ikajulikana kwamba neva kubwa ya uso na utando wa ubongo humwaga protini ndogo iitwayo CGRP, ambayo hupanua mishipa na kuchochea maumivu. Wanasayansi wanne walioshughulikia jambo hilo kwa miaka mingi walipewa Tuzo ya Ubongo ya Denmark mwaka 2021. Kwa hiyo si jini, si uvivu, wala si "mawazo mengi" peke yake. Ni ubongo uliozaliwa mwepesi wa kushtuka, na mara nyingi ni urithi. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa nao. Na kina mama wanaupata karibu mara tatu kuliko sisi wanaume, kwa sababu homoni nazo zina mkono wake humo.

Mtego wa pakti

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo penye hatari ambayo watu wengi hawaijui, hata wasomi.

Nilipohamia Johannesburg mashambulizi yangu yalikuwa mawili au matatu kwa mwezi. Nilikuwa nafundisha kwa mkataba wa muda, na mwenye mkataba wa muda haumwi. Kila nikihisi shingo inakaza, nachukua pakti ya unga wenye aspirini, parasetamoli na kafeini. Ilinisaidia kweli. Ikawa naichukua hata kabla ya kuumwa, ili nisije nikaumwa. Baada ya mwaka mmoja nikawa naamka na kichwa kila siku alfajiri, nakunywa pakti, kinapungua mpaka adhuhuri, kinarudi, nakunywa nyingine. Nilidhani ugonjwa umekua. Kumbe dawa ndiyo iliyokuwa inaukuza.

Daktari mmoja, mtu mzima wa maneno machache, hakunipima kichwa. Aliniuliza, "Siku ngapi kwa mwezi unakunywa dawa?" Nikaanza kueleza aina ya maumivu. Akasema, "Sijauliza hilo." Nikahesabu: siku ishirini na tano. Akanieleza kwamba dawa za kutuliza maumivu zikitumika mara nyingi mno, kwa zaidi ya miezi mitatu, zenyewe huleta maumivu ya kichwa ya kila siku. Mpaka wenyewe unajulikana: kwa parasetamoli, aspirini au ibuprofeni peke yake, siku 15 au zaidi kwa mwezi. Kwa dawa za mchanganyiko kama ile poda, au zenye kodeini, na kwa dawa maalumu za kipandauso ziitwazo triptani, siku 10 tu zinatosha. Angalieni kwamba zinazohesabiwa ni siku, si vidonge.

Nikaacha. Siku za mwanzo zilikuwa mbaya kuliko ugonjwa wenyewe, kama alivyoniambia, kwani maumivu ya kuacha huchukua siku 2 mpaka 10 hivi. Nililala, nilitapika, nilimlaumu kila mtu. Siku ya tisa niliamka, nikakaa kitandani nikisubiri kichwa kianze. Hakikuanza. Nilisikia hondi za teksi kule chini nikatabasamu kama mwendawazimu.

Tahadhari: anayetumia dawa zenye kodeini, au za usingizi, asiache ghafla peke yake. Hao lazima wasimamiwe na daktari.

Hesabu ya madaktari ni hii: mwenye maumivu ya kichwa siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, na siku 8 kati ya hizo zikiwa na sura ya kipandauso, huyo ana kipandauso sugu. Wengi wa walio sugu wana mkoba wa pakti. Mkoba ndio uchunguzwe kwanza.

Saa ya kwanza

Shambulio likija, saa ya kwanza ndiyo yenye thamani. Sababu yake ni tumbo. Kipandauso kinapopamba moto tumbo hupooza, chakula hakishuki, na kidonge nacho kinakaa pale pale. Ndiyo maana watu husema "dawa hainifanyii kazi", kumbe dawa haijafika popote. Kwa hiyo mimi hufuata mpango huu:

Kwanza, dawa mapema, wakati maumivu bado madogo, na isiyozidi siku mbili kwa wiki. Kwangu ni aspirini ya kuyeyusha kwenye maji, miligramu 900, yaani vidonge vitatu vya miligramu 300. Inapita haraka kuliko kidonge kikavu. Lakini aspirini si ya watoto, si ya mjamzito bila ushauri, si ya mwenye vidonda vya tumbo, wala ya mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda. Huyo aulize kwanza.

Pili, kikombe kimoja cha kahawa nyeusi yenye tangawizi, ile ya wauza kahawa wetu wa pwani. Wazee wa barazani kule Tanga walikuwa wanaifuata hiyo kichwa kikiwauma, na hawakukosea: imethibitika kwamba kafeini kidogo huongeza nguvu ya dawa ya maumivu. Kikombe kimoja, narudia. Birika zima ni ugonjwa mwingine.

Tatu, baridi shingoni. Mwaka 2013 watafiti wa Hawaii waliwafunga wagonjwa kitu kilichogandishwa shingoni, upande wa mbele inapopita mishipa mikubwa ya damu, na maumivu yakapungua. Mimi natumia mfuko wa njegere za jokofuni uliofungwa kwenye taulo, kwa robo saa hivi. Usiweke barafu moja kwa moja kwenye ngozi. Jokofu likiwa limezimika, kanga iliyoloweshwa maji ya mtungi inatosha.

Nne, giza na ukimya, na kulala kama usingizi unakuja. Usingizi ndiyo dawa ya kale kuliko zote. Mtoto mwenye kipandauso mara nyingi hupona kwa kulala tu.

Tano, maji kidogo kidogo. Ukishatapika, maji yenye chumvi na sukari kwa mafundo madogo.

Dawa za nyumbani, moja moja

Mama alikuwa na kapu lake. Nimelipitia kapu lile kwa miaka mingi, baadhi ya vitu nimevibakiza na vingine nimeviweka chini kwa heshima.

Kitambaa. Mama alikunja kanga kuukuu, akaifunga kuzunguka paji la uso mpaka kope zinavutika. Inasaidia. Kubana mishipa ya juu ya ngozi kunapunguza ule mpigo, na kanga ikishushwa kidogo inafunika macho. Haina gharama, haina madhara, alimradi usilale nayo imekaza.

Tangawizi. Mwaka 2014 watafiti wa Iran walilinganisha unga wa tangawizi na dawa ya sumatriptani kwa wagonjwa 100, wakaona nafuu ya baada ya saa mbili ilikaribiana. Ni utafiti mmoja, si msahafu, na tangawizi ya kunywa kila siku ili kuzuia mashambulizi haijaonyesha nguvu hiyo. Lakini kwa kichefuchefu haina mpinzani. Mimi natwanga kidole cha tangawizi mbichi, nachemsha, nakunywa vuguvugu.

Mnanaa na mafuta ya kupaka. Zile dawa za kopo zenye harufu ya mnanaa na kafuri, zinazopakwa kwenye panja, hutoa ubaridi unaoipotosha neva. Wengine zinawafaa sana. Wengine, kama mimi siku mbaya, harufu yake yenyewe ni shambulio. Jaribu ukiwa mzima kwanza. Usipake karibu na jicho, wala kwa mtoto mchanga.

Kujifukiza. Mvuke wa mchaichai au mwarobaini chini ya shuka unafaa mafua na pua iliyoziba. Kwa kipandauso joto la kichwani mara nyingi huzidisha. Ila kuloweka miguu kwenye beseni la maji ya moto huku shingo ina baridi, hilo ni raha, na raha nayo ni sehemu ya tiba.

Kuumika. Najua wengi mtaniuliza. Katika Sahihi ya Bukhari imo hadithi kwamba Mtume (s.a.w.) aliumikwa kichwani kwa ajili ya shaqiqa, kwa hiyo siwezi kumkejeli anayeumika. Ushahidi wa kimaabara bado ni mwembamba. Ninachosema ni hiki: wembe uwe mpya, ufunguliwe mbele ya macho yako, na vikombe viwe vya mtu mmoja. Chale nazo ni hivyo hivyo. Homa ya ini na virusi vya ukimwi havitazami nia.

Ugoro. Bibi mmoja Mzulu wa ghorofa ya nne, ambaye tunaheshimiana sana, alinipa ugoro wake ninuse. Nikapiga chafya kumi na nne, na kila chafya ilikuwa nyundo. Nilimshukuru, sikurudia.

Hillbrow yenyewe

Mwenye kipandauso akiulizwa achague pa kuishi hawezi kuchagua Hillbrow. Kodi ndiyo inayokuchagulia. Mtaa huu umebeba watu wa Afrika nzima ndani ya majengo marefu, chini ya mnara wa mita 269 uliokamilika mwaka 1971, na jirani na lile pipa la Ponte lenye ghorofa 54. Kuna hondi za teksi, kuna muziki wa vilabuni, kuna mikesha ya makanisa mpaka alfajiri, na mkesha wa mwaka mpya ni fataki tangu magharibi. Zamani watu walikuwa wakitupa hata fanicha kutoka kwenye roshani.

Nimejifunza kutopigana na mtaa. Kitanda nimekihamishia chumba kidogo cha ndani kisicho dirisha la barabarani. Mlangoni nimetundika blanketi zito, ambalo linakula kelele na mwanga kwa pamoja. Ninavyo vizibo vya masikio vya sponji, vya bei ya mkate. Lakini sivitumii kila siku, wala sikai gizani kila siku, kwa sababu ubongo ukizoeshwa giza na ukimya wakati wote, mwanga wa kawaida nao unageuka adui. Miwani myeusi ndani ya nyumba ni kosa nililolifanya mwaka mzima.

Nikihitaji taa wakati naumwa, natumia balbu ndogo ya kijani. Watafiti wa Boston walionyesha mwaka 2016 kwamba mwanga wa kijani hafifu huwaumiza wagonjwa wa kipandauso kidogo kuliko rangi nyingine. Majirani walidhani nimefungua kilinge cha uganga, lakini wamezoea.

Katika ule mgao mkali wa umeme wa miaka ya 2022 na 2023 giza lilikuja bure, ila lilikuja na jenereta, harufu ya petroli, na lifti iliyokufa. Kupanda ghorofa tisa na kipandauso, waungwana, sikutakieni. Kila ngazi inapiga kichwani. Nikajifunza kupumzika kila ghorofa, na kuwa na dawa, chupa ya maji na mfuko wa plastiki wa kutapikia ndani ya begi, badala ya kuviacha nyumbani. Maji nayo hukatika, kwa hiyo ndoo mbili hazikosekani bafuni.

Hali ya hewa hapa ni ya juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kipupwe ni kikavu na unapoteza maji bila kutoka jasho. Kiangazi radi za alasiri zinajikusanya, na wengi wetu tunasema kichwa kinajua kabla ya wingu. Wingu siwezi kulizuia. Glasi ya maji naweza kuinywa.

Siku ambazo huumwi

Siri kubwa iko kwenye siku za uzima. Ubongo wa kipandauso hautaki mabadiliko. Lala na kuamka saa ile ile, hata Jumapili, maana usingizi wa kufidia huamsha kichwa sawa na usingizi wa kukosa. Usiruke mlo. Chai na kahawa ziwe vikombe viwili au vitatu kwa siku na visibadilike, kwani kukosa kafeini kwa siku moja kunatosha kuleta maumivu.

Hilo linatufikisha Ramadhani. Kichwa cha siku ya kwanza ya mfungo wengi tunakijua. Tangu mwezi wa Shaabani mimi napunguza kahawa kidogo kidogo, na wakati wa daku nakunywa kikombe kimoja pamoja na maji ya kutosha na chakula cha kukaa tumboni. Na shambulio likinijia mchana, nafungua. Mgonjwa ameruhusiwa, na siku italipwa.

Weka daftari. Sisi wasomi tunapenda kukusanya data za watu wengine, mbona zetu hatuzikusanyi? Andika tarehe, saa, ulichokula, ulivyolala, dawa uliyotumia, na kwa kina mama siku za mwezi. Daftari langu la miezi sita lilinionyesha kwamba chokoleti, niliyoinyima nafsi yangu miaka ishirini, haikuwa na hatia. Mkosaji alikuwa kuruka chakula cha mchana siku za vikao.

Na kama mashambulizi ni manne au zaidi kwa mwezi, usiridhike na tiba za nyumbani. Zipo dawa za kuzuia, za zamani na za bei nafuu, kama propranololi, ambayo haimfai mwenye pumu, na amitriptilini ya kipimo kidogo usiku. Mimi niko kwenye hii ya pili. Inakausha mdomo, inaleta usingizi, lakini imenirudishia siku zangu. Sumatriptani nayo iliingizwa mwaka 2021 kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo una haki ya kuiulizia. Dada zetu wenye kuona ile mistari ya aura wamwambie daktari kabla ya kutumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kwa sababu hatari ya kiharusi huongezeka.

Kichwa ambacho si kipandauso

Sasa lile lililotaka kuniua. Mwaka mmoja nilikwenda nyumbani Desemba, nikarudi Januari. Siku ya kumi kichwa kikaanza. Nikafanya kama kawaida yangu: giza, kanga, tangawizi, siku mbili. Lakini kilikuwa kinauma pande zote, na mwili unatetemeka. Kijana mmoja wa Kigoma, dereva wa malori, alikuja kuniletea mkate. Akanigusa akasema, "Mzee, hii si ya kichwa. Umepima malaria?" Johannesburg hakuna maambukizi ya malaria, na hapo ndipo penye hatari: hakuna anayeifikiria usipoitaja mwenyewe. Nilipimwa, nikakutwa nayo. Kwa hiyo ukirudi kutoka Dar, Mombasa, Kampala au Goma, ukipata kichwa na homa ndani ya wiki au hata miezi kadhaa, neno lako la kwanza mapokezi liwe: "Nimetoka sehemu yenye malaria."

Nenda hospitali haraka pia kama: kichwa kimekupiga ghafla kwa ukali ambao hujapata kuuona maishani, ndani ya dakika moja, kuna homa na shingo ngumu, mkono, mguu au ulimi umelegea, kimeanza baada ya kuanguka au kupigwa, ni kipya na umeshapita miaka 50, umjamzito, au unaishi na virusi vya ukimwi na kichwa hakiachi, maana homa ya uti wa mgongo huanza hivyo hivyo.

Na jambo moja la kipupwe chetu hapa. Kama nyumba nzima inaamka na kichwa, na usiku mlilala na jiko la mkaa ndani huku madirisha yamefungwa, hiyo ni sumu ya moshi wa mkaa usioonekana wala kunuka. Tokeni nje wote, kisha hospitali. Inaua watu usingizini.

Nimalizie na dada wa Bukavu. Nilimsindikiza kliniki na daftari la shule la kurasa thelathini na mbili. Ameacha unga, kwa taabu. Wiki ya kwanza alinichukia, na alinipigia simu usiku wa manane kuniambia hivyo. Sasa anaumwa siku sita au saba kwa mwezi badala ya kila siku. Hajapona, wala mimi sijapona. Mchungaji wake bado anamwombea, nami nimemwambia aendelee kuombewa, ila asichomewe ubani. Jumamosi iliyopita nilimkuta kibarazani Pretoria Street anasuka kichwa cha mtu, kitambaa chake kipo begani, hakikufungwa.

Mwenye kapu la mama yake naye alifungue, tuone kuna nini.

Wasalaam.